Upasuaji wa kuokoa mguu: ni mshipa gani wa damu wa kutegemewa?

Mfupa wa muundi hauna ulinzi mwingi. Upande wake wa ndani, tangu chini ya goti hadi kwenye jicho la mguu, umefunikwa na ngozi tu, bila mnofu wa kuukinga. Ndiyo maana pikipiki inapogongana na gari, au mwendesha bodaboda anapobanwa na lori ukingoni mwa barabara, mfupa huo huvunjika na mara nyingi huichana ngozi na kutokeza nje. Kampala, Nairobi na Dar es Salaam, kama ilivyo kwa abiria wa taksi-moto wa Kigali na Bujumbura, jeraha la namna hii si geni kwa hospitali za rufaa.

Kuuunganisha mfupa wenyewe, kwa chuma cha ndani au kwa vyuma vya nje, ni kazi ambayo madaktari wa mifupa wanaifahamu vyema. Shida kubwa zaidi hujitokeza pale ngozi na nyama iliyokuwa juu ya mfupa inapokuwa imeharibika. Mfupa ulioachwa wazi hukauka, huingiwa na vijidudu na hatimaye hufa. Mgonjwa aliyeingia hospitalini na mguu uliovunjika huweza kutoka akiwa amekatwa mguu, hata kama mvunjiko wenyewe ungeweza kuunga, kwa kuwa mfupa haukupata cha kuufunika kwa wakati.

Upasuaji wa kurekebisha viungo una jibu kwa tatizo hilo. Daktari huchukua kipande cha ngozi na mafuta, pengine pamoja na msuli, kutoka pajani au mgongoni, akakikata pamoja na mishipa yake ya damu, akakihamishia mguuni. Huko huishona mishipa ya kipande hicho na mishipa ya mguu, ili damu ianze kuzunguka upya. Kila kitu hutegemea swali moja: kati ya mishipa iliyopo katika mguu uliojeruhiwa, ni upi utakaopewa dhamana ya kukilisha kipande kile? Akichagua vibaya, kipande hufa ndani ya siku chache. Akikosea zaidi, wayo wenyewe hunyimwa damu.

Kwa nini ngozi ya kubandika haitoshi

Wengi huuliza kwa nini daktari asichukue ngozi nyembamba ya paja na kuibandika juu ya kidonda, kama inavyofanyika kwa walioungua moto. Jibu ni kwamba ngozi ya kubandika haina mishipa yake inayofanya kazi. Siku za mwanzo huishi kwa unyevu unaotoka katika tishu zilizo chini yake, kisha mishipa midogo kutoka chini huipenya na kuilisha. Juu ya nyama yenye afya, hustawi. Juu ya mfupa uliovuliwa utando wake, juu ya kano tupu au juu ya chuma, haipati chochote cha kuilisha, nayo hukauka.

Kipande hai ni kitu kingine. Huja na ateri yake inayoleta damu na vena yake inayoirudisha, hivyo hakitegemei rutuba ya mahali kinapowekwa. Aidha, hupeleka damu mpya, na pamoja nayo dawa na seli za kinga, katika eneo lililokosa vyote hivyo.

Mwaka 1976 madaktari Gustilo na Anderson wa Marekani walichapisha mpangilio wa mivunjiko iliyo wazi ambao hospitali nyingi duniani bado zinautumia. Mwaka 1984 kundi la tatu, lenye majeraha makali zaidi, liligawanywa katika sehemu A, B na C. Sehemu A ni jeraha kali ambalo nyama iliyobaki bado yatosha kuufunika mfupa. Sehemu B ni jeraha lililouacha mfupa bila kifuniko cha kutosha. Sehemu C ni lile ambalo ateri imeumia kiasi cha kuhitaji kushonwa ili mguu uendelee kuishi. Mazungumzo ya kuchagua mshipa huwahusu hasa wagonjwa wa sehemu B na C.

Mahali pa jeraha nako kuna uzito wake. Theluthi ya juu ya muundi huweza kufunikwa kwa kugeuza msuli wa shavu la mguu ulio jirani. Theluthi ya kati huweza kufunikwa kwa msuli mpana uliolala chini ya huo. Theluthi ya chini, karibu na kifundo, ina kano na ngozi tu, haina mnofu wa kuazima. Hapo ndipo kipande cha kutoka mbali huhitajika mara nyingi zaidi.

Njia tatu za damu

Damu ya mguu huteremka kutoka pajani, hupita nyuma ya goti kwa ateri moja kubwa, kisha chini ya goti hugawanyika katika ateri tatu.

Ya kwanza ni ateri ya mbele. Hutoboa utando ulio kati ya mifupa miwili ya mguu, hushuka upande wa mbele na kutokea juu ya wayo, ambako mapigo yake huhisiwa kwa vidole. Ni rahisi kuifikia mgonjwa akiwa amelala chali. Lakini kwa kuwa imelala juu ya utando ule ule ulioshikana na mfupa, mara nyingi huumia pamoja na mfupa.

Ya pili ni ateri ya nyuma ya muundi. Imefunikwa vizuri zaidi na misuli ya shavu la mguu, na karibu na kifundo hupita nyuma ya jicho la ndani la mguu ikielekea chini ya wayo. Kwa watu wengi ndiyo inayolisha sehemu kubwa ya wayo. Wapasuaji wengi huipendelea, kwa kuwa ina kipenyo kizuri, hufikika kwa urahisi na mara nyingi huwa imeepuka kishindo cha ajali.

Ya tatu ni ateri inayoambatana na mfupa mwembamba wa upande wa nje. Imejificha ndani sana, na kwa sababu hiyo mara nyingi husalimika wakati nyingine mbili zimekatika. Ugumu wake ni kuifikia: pengine daktari hulazimika kuondoa sehemu ya mfupa mwembamba ili kuipata.

Kila ateri kati ya hizo husindikizwa na vena mbili. Zaidi ya hizo, kuna vena mbili kubwa zilizo karibu na ngozi: moja hupanda upande wa ndani wa mguu hadi kinenani, nyingine hupanda nyuma hadi kwenye goti.

Watu hawafanani. Wapo waliozaliwa na ateri ya nyuma ya muundi iliyo nyembamba mno, au wasiokuwa nayo kabisa, na ateri ya tatu ndiyo iliyoubeba wayo wote. Mtu wa namna hiyo hutembea miaka yote bila kujua. Siku ya ajali, tofauti hiyo ndogo ya maumbile hugeuka kuwa jambo la kupata au kukosa mguu.

Jeraha ni pana kuliko kidonda

Mtu asiyekuwa daktari huliona jeraha pale ngozi ilipochanika. Mpasuaji hufundishwa kuliona kwa upana zaidi. Nguvu iliyouvunja mfupa haikuishia ukingoni mwa kidonda. Ilisafiri kupitia misuli na mishipa kwenda juu na chini. Ateri iliyo mbali kidogo na kidonda huweza kuonekana nzima, yenye mapigo, ilhali ukuta wake umeanza kuvimba, utando unaoizunguka umegeuka kuwa mgumu kama kovu, na kuta zake hukatika uzi unapokazwa. Mshipa wa namna hiyo hujikunja ghafla ukiguswa, na damu huganda ndani yake kwa wepesi. Eneo hilo lote, linaloonekana na lisiloonekana, ndilo waitalo wataalamu eneo la jeraha.

Hapa ndipo ulipo mtego. Mshipa ulio karibu kabisa na kidonda ndio unaovutia, kwa kuwa mishipa ya kipande hai hufika hapo bila kunyooshwa. Kumbe huo huo ndio ulioumia zaidi. Kupitisha damu leo si dhamana kwamba mshipa utapitisha damu kesho, baada ya kukatwa, kushonwa na kupewa mzigo mpya.

Kwa miaka mingi kanuni ilikuwa kutoka nje kabisa ya eneo la jeraha kwa kupanda juu, kuelekea gotini, hata kama ni kwa masafa marefu. Mwaka 1996 wapasuaji Isenberg na Sherman waliitilia shaka kanuni hiyo ya umbali. Kwa maoni yao, kinachopaswa kuamua ni hali ya mshipa wenyewe: je, ukuta wake ni laini na wenye kunyumbuka, na je, ukikatwa, damu huruka kwa nguvu? Tangu hapo wapasuaji wengi huanza na ramani ya umbali lakini humalizia na ushahidi wa macho na vidole. Ateri ikikatwa na damu ikachuruzika polepole badala ya kuruka, daktari mwenye busara huiacha, akapanda juu zaidi.

Somo la Ljubljana

Ufundi wa kushona mishipa ya damu si wa jana. Mwaka 1902 Mfaransa Alexis Carrel alichapisha njia ya kuunganisha ncha mbili za mshipa kwa kuanzia nyuzi tatu, na kazi yake juu ya mishipa na upandikizaji ilimpatia Tuzo ya Nobel mwaka 1912. Mwaka 1960 Julius Jacobson, akifanya kazi Vermont nchini Marekani, alionyesha kwamba kwa msaada wa hadubini mishipa myembamba sana inaweza kushonwa na ikabaki wazi. Mwaka 1973 Rollin Daniel na Ian Taylor, kutoka Melbourne nchini Australia, walieleza jinsi kipande cha ngozi ya kinena kilivyohamishiwa mguuni kwa kushona mishipa yake chini ya hadubini.

Aliyeonyesha uzito wa wakati na wa mshipa katika majeraha ya ajali ni Marko Godina, mpasuaji wa Ljubljana katika iliyokuwa Yugoslavia. Mwaka 1986 ilichapishwa tathmini yake ya wagonjwa 532 wenye majeraha ya mikono na miguu. Aliwagawanya katika makundi matatu. Waliofunikwa kidonda ndani ya saa 72 tangu ajali, asilimia 0.75 tu ya vipande vyao vilikufa. Kwa waliofunikwa kati ya saa 72 na miezi 3, vilikufa asilimia 12. Kwa waliofunikwa baada ya miezi 3, vilikufa asilimia 9.5. Maambukizi baada ya upasuaji yalikuwa asilimia 1.5 katika kundi la kwanza, 17.5 katika la pili na 6 katika la tatu. Godina mwenyewe alifariki katika ajali ya gari mwaka huo huo wa 1986.

Kwa nini siku chache zilete tofauti kubwa kiasi hicho? Sehemu ya jibu ni vijidudu. Sehemu nyingine ni mishipa yenyewe. Ndani ya siku za mwanzo tishu zinazoizunguka bado ni laini, na daktari huitenga kwa urahisi. Baada ya wiki moja au mbili uvimbe huanza kugeuka kuwa kovu, na mishipa hunaswa ndani yake kama mizizi ndani ya saruji. Siku hizi, kwa kusafisha jeraha kikamilifu na kutumia bandeji zinazonyonya majimaji kwa pampu, wapasuaji wengi hukubali kusubiri zaidi ya siku tatu. Hata hivyo, hakuna anayeona kuchelewa kuwa ni faida.

Uchunguzi kabla ya kisu

Uchaguzi wa mshipa huanzia kitandani mwa mgonjwa, kwa vidole viwili vya daktari. Hutafuta mapigo juu ya wayo na nyuma ya jicho la ndani la mguu. Lakini mapigo pekee huweza kudanganya. Ateri iliyokatika juu huweza kuwa na mapigo chini, kwa kuwa damu huzunguka kupitia ateri nyingine na kuijaza kinyumenyume. Kwa hiyo daktari hubana ateri moja kwa kidole na kuangalia kama ile ya pili bado inapiga. Ikinyamaza, ni ishara kwamba ilikuwa ikilishwa na ile iliyobanwa.

Hatua ya pili ni kifaa kidogo cha Dopla, kinachotumia mawimbi ya sauti kuusikiliza mwendo wa damu. Bei yake ni nafuu ukilinganisha na mashine kubwa, na fundi mzoefu hujifunza mengi kwa kusikiliza tu: sauti kali inayopanda na kushuka huashiria mshipa ulio wazi, ilhali sauti hafifu isiyobadilika huashiria kizuizi mahali fulani.

Hatua ya tatu ni picha za CT pamoja na dawa inayodungwa ili mishipa ionekane. Si kila daktari huitaka kwa kila mgonjwa. Lakini pale mapigo yanapokosekana, pale mfupa uliposagika vibaya, au mgonjwa anapokuwa na kisukari au umri mkubwa, picha hiyo huonyesha ni ateri ngapi kati ya tatu zilizobaki. Idadi hiyo ndiyo huongoza uamuzi wote unaofuata.

Kukata au kupachika ubavuni

Mshipa ukishachaguliwa, huja swali la namna ya kuushona. Njia ya kwanza ni ncha kwa ncha: ateri ya mguu hukatwa, na ncha yake ya juu huunganishwa na ateri ya kipande hai. Ni njia rahisi na ya haraka, lakini ina gharama: kuanzia hapo kwenda chini, ateri hiyo hailishi tena wayo.

Njia ya pili ni ncha kwa ubavu. Ateri ya mguu haikatwi. Hutobolewa tundu dogo ubavuni, na ateri ya kipande hushonwa hapo kama tawi jipya la mto. Damu hugawanyika: nyingine huingia katika kipande, nyingine huendelea na safari yake ya kwenda kwenye vidole. Godina huyo huyo aliitetea njia hii katika makala yake ya mwaka 1979.

Mwenye ateri zote tatu huweza kupoteza moja bila madhara makubwa. Mwenye mbili yampasa kutazamwa kwa makini. Mwenye moja tu, huyo ateri yake haikatwi. Kuikata ili kuokoa ngozi ya muundi ni kuuza shamba ili kununua jembe: kipande kitaishi, wayo utakufa. Kwa mgonjwa wa namna hiyo, hushonwa ubavuni au hutumiwa tawi la pembeni.

Lipo pia jambo la tatu linalotumika mara kwa mara. Ateri iliyokwisha kukatika kwa ajali haina tena kazi ya kulisha wayo. Daktari huweza kuifuata ncha yake iliyokatika, akaipunguza kwenda juu hadi mahali penye ukuta mzuri na damu inayoruka, kisha akaitumia ncha kwa ncha. Hapo mgonjwa hapotezi kitu ambacho ajali haikukwisha kumnyang'anya.

Upana wa mshipa nao una hesabu yake. Kwa sheria za mwendo wa majimaji, msukumo ukiwa uleule, mrija uliopungua kipenyo kwa nusu hupitisha moja ya kumi na sita tu ya majimaji yaliyokuwa yakipita. Ndiyo maana kovu dogo linalobana mshipa, au uzi mmoja uliokazwa vibaya, huweza kuharibu kazi ya saa nane.

Njia ya kurudi

Wasiozoea hudhani kazi kubwa ni ateri. Wapasuaji wazoefu huogopa zaidi vena. Ukuta wake ni mwembamba, msukumo wa damu ndani yake ni mdogo, na mguuni damu hiyo hupanda mlima. Kipande kisichoingiza damu hupauka na kuwa baridi. Kipande kinachoingiza damu isiyotoka huvimba, hugeuka rangi ya zambarau, kisha damu huganda na kukiua. Hali ya pili ndiyo hutokea mara nyingi zaidi.

Kwa kawaida huchaguliwa vena zinazosindikiza ateri iliyoteuliwa, kwa kuwa ziko pale pale. Zikiwa zimebanwa na uvimbe au zimejaa damu iliyoganda, daktari hugeukia vena kubwa ya ndani ya mguu iliyo karibu na ngozi, mradi haikuumia wala haikuchomwa sindano nyingi za maji ya dripu. Wengi hupendelea kushona vena mbili badala ya moja, ili moja ikiziba nyingine ibaki.

Pasipo na mshipa mzuri karibu

Hutokea kwamba mshipa wenye afya upo juu, karibu na goti, na kidonda kipo chini, kifundoni. Mishipa ya kipande hai haifiki. Daktari basi huchukua vena kutoka mguu mwingine na kuitumia kama bomba la kuunganishia. Kwa kuwa vena ina vali zinazoruhusu damu kwenda upande mmoja tu, ni lazima igeuzwe juu chini inapotumika badala ya ateri. Ni kazi yenye mishono mingi zaidi, na kila mshono ni mahali pengine pa damu kuganda. Lakini bomba refu lililoanzia kwenye mshipa mzima ni afadhali kuliko mshono mfupi kwenye mshipa mgonjwa.

Wapo pia wanaoshuka badala ya kupanda, wakishona chini ya jeraha, karibu na kifundo, ambako mishipa ipo juu juu na rahisi kufikiwa. Njia hiyo hufaa pale tu ambapo imethibitishwa kwamba ateri imepita katika jeraha bila kukatizwa.

Na iwapo mguu hauna mshipa wowote wa kutegemewa, ipo njia ya kale: miguu miwili hufungwa pamoja, na ngozi ya mguu mzima hushonwa juu ya kidonda cha mguu mgonjwa huku ikiendelea kulishwa na mguu wake wa asili. Baada ya takriban wiki tatu, kipande kikishapata mizizi mipya, miguu hutenganishwa. Ni mateso kwa mgonjwa, lakini haihitaji hadubini.

Hali katika Afrika Mashariki

Upasuaji wa hadubini huhitaji vitu ambavyo hospitali nyingi za kanda hii hazina kwa uhakika: hadubini nzima, nyuzi nyembamba kuliko unywele, umeme usiokatika kwa saa nyingi, na wauguzi wa kukitazama kipande usiku kucha. Hata hivyo, kazi hiyo hufanyika. Nchini Uganda, hospitali ya CoRSU iliyopo Kisubi, kati ya Kampala na Entebbe, imekuwa ikihamisha vipande hai kwa hadubini, na mwaka 2016 ilichapishwa tathmini ya miaka sita ya kazi hiyo, iliyoeleza wazi changamoto zake.

Penye upungufu wa hadubini, wapasuaji wengi hutumia kipande kinachogeuzwa kutoka nyuma ya shavu la mguu na kushushwa hadi kifundoni au kisiginoni, bila kukikata kabisa na mguu. Hakuna mshipa unaoshonwa. Lakini hapa pia uchaguzi upo: kipande hicho hulishwa na vitawi vya ile ateri ya tatu iliyojificha, vinavyotokeza juu kidogo ya jicho la nje la mguu. Ajali ikiwa imeviharibu vitawi hivyo, kipande hufa kama ambavyo kingekufa kile cha kushonwa. Dopla ndogo ya mkononi, ikitumiwa kabla ya kisu, huweza kuvitambua.

Tatizo gumu zaidi la kanda ni safari. Mgonjwa hupelekwa kituo cha afya, kisha hospitali ya wilaya, kisha hupewa rufaa, na katikati ya hayo familia hutafuta fedha au humpeleka kwanza kwa fundi wa kuunga mifupa. Anapofika mbele ya mpasuaji wa viungo, pengine ni wiki ya pili au mwezi wa pili: kipindi kile kile ambacho katika hesabu ya Godina vipande vilikufa kwa wingi zaidi.

Yanayoihusu familia

Mgonjwa hawezi kuchagua ateri yake, lakini yapo mambo yaliyo mikononi mwake na mwa jamaa zake. Mfupa unaoonekana kupitia jeraha ni dharura. Ufunikwe kwa kitambaa safi, damu izuiwe kwa kukandamiza, na mgonjwa apelekwe hospitalini siku hiyo hiyo. Visipakwe udongo, majani wala mafuta. Rufaa inapotolewa, ni haki ya familia kuuliza kama hospitali wanakopelekwa ina daktari wa kufunika mfupa, mbali na yule wa kuuunga.

Mvutaji wa sigara aache mara moja, kwa kuwa nikotini huibana mishipa midogo. Mwenye kisukari aseme mapema, maana ateri zake huenda zimekakamaa na kuhitaji picha kabla ya upasuaji. Maji ya dripu yawekwe mkononi inapowezekana, ili vena za mguu zihifadhiwe.

Baada ya upasuaji mguu huinuliwa, na muuguzi hukitazama kipande kila saa kwa siku ya kwanza: rangi yake, joto lake, na namna damu inavyorudi kinapobonyezwa kwa kidole. Jamaa aliye kando ya kitanda akiona kimebadilika rangi asisubiri mapambazuko. Mshono ulioziba ukifunguliwa ndani ya saa chache, kipande huweza kuokolewa. Ukiachwa hadi asubuhi, aghalabu huwa kimekwisha.

Si kila mguu unaopaswa kuokolewa. Pale neva kuu zimesagika, wayo haukupata damu kwa saa nyingi, au maisha ya mgonjwa yamo hatarini, kukata mguu na kuvaa wa bandia huweza kuwa ndiyo njia ya kumrudisha mtu kazini mapema na bila maumivu ya miaka. Uamuzi huo unastahili kufanywa baada ya kuihesabu mishipa iliyobaki na kuipima mmoja mmoja, mgonjwa naye akielezwa hesabu hiyo kwa lugha anayoielewa, kabla hajatia saini.